Ukuta wa Jumbe Kibwana

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa ukuta, na ukuta hauoni haya.

Hapo kale, wenzangu, palikuwa na kijiji ambacho kila masika yakiisha, kuta zilikandikwa upya, na picha za barazani zikachorwa upya. Mchoraji alikuwa Mwajabu, mjane wa Semhando. Semhando alimuua simba kwa mkuki, naye akafa kwa majeraha. Jumbe Kibwana alikuwapo siku ile. Alikuwapo juu ya mkwaju, akilia.

Mwaka wa kwanza Mwajabu akachora kama ilivyokuwa: simba, mumewe, na Jumbe mtini. Jumbe akaja, fimbo mbele, tumbo mbele zaidi. "Mwajabu, niteremshe." Yeye ndiye mgawa mashamba; mjane angesema nini? Akamteremsha.

Mwaka wa pili akataka mkuki mkononi. Akapewa.

Mwaka wa tatu akataka Semhando aondolewe, eti anajaza ukuta. Mwajabu akawageukia watu, wale wale waliobeba jeneza. Wakasema, "Jumbe ndiye aliyeua. Si tunaona hapo ukutani?" Watu wazima, jamani, na ndevu zao! Hata binti yake akauliza kama baba alikufa kwa homa. Hilo lilimuuma Mwajabu kuliko mazishi.

Akamfuta mumewe. Akaufuta na mkuki. Akamchora Jumbe akimkaba simba kwa mikono mitupu. Jumbe akapendezwa, akasema sasa ndiyo anakumbuka vizuri. Njia ya mwongo ni fupi, naye aliifagia mwenyewe.

Kabla ya mavuno akaja simba mwingine, mchana kweupe. Watu wakamsukuma Jumbe nje, wakafunga milango. Akaomba mkuki. Wakamjibu kwamba ukutani hakuna mkuki. Huyoo, mkwajuni! Mkwaju ule ule.

Mwajabu akatoa kichwa dirishani.

"Jumbe, nani alimuua simba?"

"Semhando."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Sema kwa sauti. Binti yangu anasikiliza."

Akasema mara tatu. Ndipo wanawake wakapiga vinu na ngoma, simba akaenda zake.

Watu wakatoka wakijisifu kwamba wao hawakusahau hata siku moja. Mwajabu akaukandika ukuta, binti akimshikia kibuyu cha rangi. Akamchora Semhando, mkubwa. Akamchora Jumbe mtini. Chini akawachora watu wote wa kijiji, mmoja mmoja, na macho hakuwawekea.

Nami nimeteremka mtini. Hadithi ikiwa tamu, nendeni nayo. Ikiwa chungu, kaulizeni kuta zenu.