Tonge la Pili la Hakimu Semboja

Nawaletea shauri ambalo hakimu wake alishindwa kulimaliza. Lisikilizeni mpaka mwisho, kwa sababu hukumu mtaitoa ninyi.

Katika mji wa Tanga, upande wa Ngamiani, walikuwapo watu watatu waliofanya kazi katika chumba kimoja, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake. Wa kwanza aliitwa Chande Makame. Huyu akimbonyeza samaki kwa kidole gumba, aliweza kukuambia kama amekufa kwa ndoana au kwa wavu, na kama amekufa kwa utulivu au kwa kuhangaika. Wa pili aliitwa Elieza Kaniki, mtu wa Magila, aliyekuwa kinyozi. Mkono wake ulikuwa mwepesi hata wateja wake wa zamani walisinzia huku wembe uko shingoni. Wa tatu alikuwa Bi. Mafunda binti Hamza. Mchele ulimtii. Akiupika, kila punje ilisimama peke yake na bado haikumwacha jirani yake.

Chumba chenyewe kilikuwa mkahawa wa viti vinne, umebanwa kati ya fundi cherehani na muuza mkaa. Kibao kilisema “Kwa Kuroda”. Mtaa ulisema “Kwa Mchina”. Mwenye mkahawa hakuwa Mchina; alikuwa Mjapani, jina lake Kuroda Nobuyuki, na Kuroda ndilo jina la ukoo. Mtu pekee mtaani aliyelijua hilo sawasawa ni yule aliyemdharau kuliko wote, Mzee Hemedi Mhina Semboja, hakimu mstaafu wa mahakama ya mwanzo na mwenye nyumba ile. “Kama mnamtukana,” aliwaambia majirani, “mtukaneni kwa jina lake.”

Yeye alimtukana kwa jina lake kila siku. Chakula cha pale kilikuwa tonge dogo la wali, kiasi cha kidole gumba, limefinywa kwa mkono, na juu yake limelazwa pande jembamba la samaki mbichi. Wenyewe huliita nigiri. Hakimu Semboja aliliita chambo. Alisema samaki mbichi ana kazi moja tu duniani, kukaa kwenye ndoana, na anayekula chambo asishangae akivuliwa. Wateja aliwadharau zaidi ya chakula. Palikuwa na makarani vijana walioliwekea tonge simu mbele ya uso, wakalipiga picha, na kulila baadaye kama deni. Palikuwa na bwana mmoja wa benki aliyefumba macho na kumeza kama anayepewa dawa ya minyoo, kisha akatangaza kuwa ni tamu. Hakimu alikuwa amesikiliza mashahidi wengi wa uongo maishani mwake, lakini hakuwahi kumwona anayetoa ushahidi wa uongo juu ya ulimi wake mwenyewe.

Basi ikafika siku Kuroda alitakiwa kurudi kwao. Mama yake alikuwa mzee sana na hakuwa na mtoto mwingine. Akaja kwa Hakimu, akaketi barazani kwa adabu, akaeleza haja yake. Alitaka kumwachia mmoja wa wasaidizi wake watatu kisu chake na chumba chake. Alisisitiza mmoja, kwa sababu jiko la vichwa vitatu halipiki. Hapo Hakimu alikubaliana naye, pengine kwa mara ya kwanza. Aliwahi kuamua kesi ya ndugu watatu waliorithi mnazi mmoja, wakagawana: mkubwa shina, wa kati nazi, mdogo kivuli. Kesi iliyofuata baina yao ilikuwa ya mapanga.

Kuroda akasema kuwa yeye hawezi kuchagua, maana anawapenda wote, na mapenzi ni mizani mbovu. Anataka achague mtu asiyempenda yeyote kati yao.

“Hapo umefika,” Hakimu akamjibu.

Wakaafikiana hivi. Hakimu atakuja kula tonge moja. Asipoomba la pili, chumba kinarudi kwake na anaweka humo biashara ya watu wenye akili. Akiomba la pili, atamtaja yule aliyemfanya aombe, na huyo ndiye mrithi; asipomtaja mtu, chumba kinafungwa vilevile. Hakimu alikubali upesi. Alikwisha kumwahidi chumba muuza vyombo vya plastiki.

Jambo moja hakulijua. Kuroda alikuwa amewafundisha wasaidizi wake kama yeye alivyofundishwa, yaani mtu na kazi yake, miaka kwa miaka, bila kugusa ya mwenzake. Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyeweza kutengeneza tonge zima. Nao walikuwa hawasemezani tangu habari ya urithi ilipotoka. Kila mmoja alikwisha kuapa kwamba hatafanya kazi chini ya mwingine.

Siku ya tonge ilipofika, Chande alikuwa kwenye mnada wa samaki kabla ya wachuuzi kumaliza kuamkiana. Aliona kolekole anayepumua bado ndani ya mtumbwi, akamnunua bila kungoja bei ishuke. Pale pale akatoa msumari wake mrefu, akamchoma kichwani kati ya macho, mara moja, samaki akatulia. Wavuvi wakacheka kama kawaida yao. “Mchinja samaki kaja,” wakasema, “msomee basi bismillahi na umwelekeze kibla.” Chande alijua kwamba samaki anayekufa akipigapiga mkia huiharibu nyama yake mwenyewe. Akamtoa damu, akamfunga kwa kitambaa kibichi chenye barafu, akampakata njia nzima kama mtoto mwenye homa.

Bi. Mafunda aliuosha mchele mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia. Katika mwaka wake wa kwanza aliwahi kuutia tui, kwa sababu kwao wali usio na tui ni wa mgonjwa; Kuroda aliula wote, kisha akamwomba apike upya. Siku hii hakukosea. Aliumwaga wali kwenye sinia la mbao, akaunyunyizia siki, akaukata kwa mwiko bila kuuponda, huku mkono wa pili ukipunga upepeo kana kwamba anawasha jiko. Kisha akauweka katika chungu na kukizungushia kanga. Wali wa nigiri haufai uwe wa moto wala baridi. Hutakiwa kufika mdomoni ukiwa na joto la mdomo.

Elieza alikata kucha, akanawa, akanawa tena. Alichukua kisu cha Kuroda, akamkata kolekole pande moja kwa mvuto mmoja, bila kurudisha mkono nyuma, hata nyama ikang'aa kama kioo. Akachota wali, akapaka kidoa cha wasabi, figili kali ya kijani ya kwao Kuroda, akalaza samaki, akafinya kama ashikaye kifaranga: akilegeza atakimbia, akikaza atakufa. Akaliweka tonge kwenye kisahani cheusi.

Hakimu Semboja alikuwa ameketi kiti cha mwisho, karibu na mlango, fimbo magotini. Alikuja amejiandaa. Kwanza aliuliza siki ni ya kitu gani, akitumaini itakuwa ya ulevi na dini imwokoe.

“Ya mnazi, Mheshimiwa,” Bi. Mafunda akasema. “Imegeuka siki yenyewe, ni halali. Hata bibi yangu alitilia achari siki kama hii.”

Njia hiyo ikafungwa. Akainama anuse, akingoja ile harufu ya chambo iliyompa maneno miaka yote. Haikuja. Hakukuwa na harufu ya kitu chochote ila ubaridi, kama mtu anayefungua mtungi. Akalitazama tonge kwa kutafuta kasoro, na kadiri alivyotafuta ndivyo mkono wake ulivyosogea, mpaka akajikuta amelishika. Alikuwa mtu anayenyoosha hata mkeka wa wenyeji wake. Kitu kilichonyooka vile hakuweza kukiacha. Akalitia kinywani. Samaki alikuwa laini na mgumu kidogo, kisha wali ukafunguka wenyewe, vuguvugu, na uchachu wake ukaita mate. Ukali wa kijani ukampanda puani na kushuka. Akameza. Cherehani ya jirani ilikuwa imenyamaza, maana fundi alikuwa dirishani.

Hakimu alitaka kusema “takataka”. Neno lilikuwa tayari. Lakini mtu huyu katika maisha yake yote hakuwahi kutia saini hukumu aliyoijua kuwa ya uongo, na hakuona sababu ya kuanza kwa ajili ya muuza plastiki. Akakisukuma kisahani mbele kwa ncha ya kidole, kana kwamba kina ukoma.

“Ongeza,” akasema.

Alipomaliza la pili, Kuroda alikifuta kisu, akakilaza mbele yake, akarudi nyuma hatua chache. “Sasa taja,” akasema.

Chande hakungoja kuitwa. “Mzee wangu,” akasema, “ulikuja na pua yako kama polisi. Ingekamata harufu kidogo tu, usingekaa. Nani aliyeinyang'anya kazi?”

Hakimu akamjibu kuwa kukosa harufu si sifa. Jiwe nalo halina harufu, na hajawahi kuomba jiwe la pili.

Elieza akakohoa. Alisema kwa upole wa kinyozi kwamba pua haikuinua tonge. “Ulilishika kabla hujakubali kulishika, Mheshimiwa. Nimekutazama. Mkono wako ulinitii mimi kabla ya kukutii wewe.”

Hakimu akasema kwamba hata sabuni nzuri mtu huishika, na hailambi. Maneno hayo yalimkera Elieza, akaanza kukunja mikono ya shati lake kana kwamba ana kichwa cha kunyoa.

Bi. Mafunda alikuwa akikunja kanga yake. “Hawa wamekufikisha kwenye tonge la kwanza,” akasema. “Miye siwanyimi haki yao. Lakini shauri si tonge la kwanza, ni la pili. Ulipokwisha kumeza, samaki alikwisha pita, na uzuri wa kisahani ulikwisha vunjika. Kilichobaki mdomoni ni nini, kama si wali wangu? Hicho ndicho kilichosema ‘ongeza’.”

“Na wali mtupu je,” Hakimu akamuuliza, “ungenileta hapa? Kwangu upo sufuria nzima, nawapa kuku.”

Akafurahi kwa jibu hilo, muda mfupi tu. Kisha akaona alichokifanya. Kila hoja aliyomwangusha nayo mmoja iliwaangusha wote watatu, na kila alipomsimamisha mmoja, wengine wawili walisimama naye. Bila Chande asingesogea. Bila Elieza asingeshika. Bila Bi. Mafunda asingerudia. Akawashauri, kwa sauti ya mtu anayetupa mfupa, kwamba mmoja aongoze na wawili wamsaidie. Wote watatu wakatikisa kichwa kukataa, na hilo lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu habari ya urithi itoke.

Enzi zake mahakamani, Hakimu Semboja aliwadharau kabisa wazee wa baraza waliosema kila upande una haki. Aliona ni maneno ya mtu aliyelala wakati wa ushahidi. Sasa maneno hayo hayo yalikuwa yamemjaa kinywani, na hakuweza kuyatema wala kuyameza. Akanyanyuka, akaomba hukumu iahirishwe hadi Kuroda atakapokuwa tayari kusafiri, akatoka bila kuaga.

Kuroda anaondoka Ijumaa. Asipotajwa mtu, chumba kinafungwa, na watatu hao wanarudi kwenye mnada, kwenye wembe na kwenye sufuria za watu. Akitajwa mmoja, wawili wanatoka, naye atalazimika kujifunza mwenyewe kazi zao.

Ninyi mmenusa, mmeshika na mmeonja pamoja naye. Kisu kina mpini mmoja. Yupo aliyeondoa kinyaa, yupo aliyeinua mkono, na yupo aliyeleta hamu ya kurudia. Semeni: ungekuwa wewe kwenye kiti kile, ungemtaja nani, na wale wawili ungewaambia nini usoni mwao?