Palipokatwa kwa Kalamu

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja mjane. Hakujua kusoma hata herufi moja, lakini barua za mwanawe alizijua kuliko yule aliyemsomea. Mwana alikuwa mjini, anauza kwenye duka la watu. Barua ikifika, mama anaacha chungu motoni, anakwenda nayo kwa jirani asomewe. Jirani akimaliza, mama anaichukua na kuiangalia mwenyewe.

"Hapa amekata maneno. Alisema nini?"

"Pamekatwa, mama. Hapasomeki."

"Basi hapo ndipo penye habari yenyewe. Alitaka kuniambia jambo akanionea huruma. Mwandikie nimeona."

Na kweli, katika barua iliyofuata mwana alifunguka: alikuwa amefukuzwa kazi, analala kwa rafiki.

Miaka ikaenda, mambo yakamnyookea, akafungua duka lake. Akamnunulia mama simu. Nani hapa asingefurahi? Msiinue mikono, nawajua. Ujumbe ukawa unaingia kila asubuhi: "Shikamoo mama, umeamkaje?" Jirani anasoma, mama anauliza, "Hakuna alipokata?"

"Simu haina kukata, mama. Ukikosea unafuta, hakibaki kitu."

Mama akaifunga simu kwenye pindo la kanga. Barua hazikuja tena, naye aliona haya kumwomba barua mtu aliyemnunulia simu.

Kisha akaugua. Jirani akataka kumpigia mwana, mama akakataa katakata. "Usimtie hofu. Mwandikie hivi tu: mwanangu, kahawa imeiva na mimi sina mikono ya kuichuma. Ataelewa. Huwa ananielewa."

Wapendwa, ninyi msingeelewa? Hata mpita njia angeelewa! Jibu likarudi hapo hapo: "Hongera mama kwa mavuno, Mungu azidi kukubariki." Na kapicha ka mikono inayoomba.

Mama akageukia ukutani. "Kama hilo hakulielewa," akasema, "basi akiuliza mwambie mimi mzima." Jirani akawa anajibu hivyo kila asubuhi. Mama hakuomba tena kusomewa.

Akafa. Mwana akaja mbio, akalia kaburini mpaka watu wakamshika. "Jana asubuhi tu tumesalimiana! Kanijibu yeye mzima!"

Jirani akasogea. "Nisamehe, baba. Aliyejibu ni mimi. Mama alikuwa hawezi hata kuinua kichwa."

Mwana akamtazama, machozi yakamkauka. Akasema kwa sauti ndogo, "Na aliyemsalimia si mimi. Ni karani wangu wa dukani. Nilimpa kazi hiyo tangu mwaka juzi."

Mmesikia? Watu wawili wasiojuana walikuwa wakisalimiana kila asubuhi, na mama na mwanawe hawamo. Inaniuma hadithi hii, nawaambia kweli, kwa sababu simwoni mtu mbaya ndani yake. Karani alitumwa. Jirani alitumwa. Mwana alikuwa na shughuli nyingi, kama sisi.

Na sisi je, salamu zetu anaziandika nani? Tunapokea maneno matamu ya mtu tusiyemjua, tunayasukuma kwa kila jina lililomo kwenye simu, halafu tunajisifu kwamba tumewakumbuka watu. Mwenzetu akifiwa tunambandikia pole ile ile tuliyombandikia mwingine wiki iliyopita. Hata Mungu tunamtumia Amina kwa kidole, wala hatujui tumeitikia nini. Lini mara ya mwisho ulikaa na karatasi, ukamfikiria mtu mmoja tu, mpaka mkono ukauma? Wengine hapa hata kalamu hamna nyumbani, na barua za wazazi wenu zimeliwa na mchwa.

Nawauliza jambo moja, kisha nikae. Asubuhi ya leo, kabla hujaja hapa, ulimwandikia mama yako, naye akakujibu kwamba hajambo. Una hakika ni yeye?