Maji ya Kiunoni

Ilikuwa hivi, asiyeamini akamuulize kiboko. Huyo kiboko aliitafuna boti ya Mbuke pale ufukweni Mwanza, na boti ndiyo iliyokuwa ugali wake. Bwana Kigahe wa bima akaja na suti yake, akaichungulia kwa mbali.

"Bima yako ni ya majini, dada. Hiyo imekaa mchangani. Hulipwi kitu."

"Sawa bosi, ila si uikague kwanza? Mbebaji wetu Masunga atakubeba, usiharibu viatu."

Maji yenyewe ya kufikia boti yalikuwa ya kifundo cha mguu. Kigahe akapanda mgongoni kama kitoto, akapelekwa, akarudishwa.

"Ofisi si inakurudishia hela ya mbebaji?" Mbuke akamuuliza. "Maji yakiwa marefu, bei inapanda."

Kigahe akachekelea, akajaza fomu: "Nimebebwa hadi kwenye boti, maji ya kiunoni." Akapiga saini na mhuri.

Mbuke akaipiga picha ile fomu fasta.

"Haya bosi, tukawaulize wakubwa zako. Boti ilikuwa majini, au wewe ndiye mwizi?"

Kigahe akaitazama ile picha.

"Ilikuwa majini, dada."

"Maji ya wapi?"

"Ya kiunoni."