Kimea cha Mkunde

"Aliyekunywa uji wako hakudai pombe." Mmeisikia jana mkacheka, mkidhani ni maneno ya walevi. Sivyo hata kidogo. Tulieni niwaeleze ilikotoka.

Huko mlimani, mashamba ya ulezi yalinyweshwa kwa mfereji mmoja, kila nyumba kwa zamu yake. Mkunde, mjane mwenye ulimi mkali, aliona ulezi wake unanyauka, uvumilivu ukamshinda. Akafungua maji siku ya jirani yake, Kirita. Kirita akamwita mwizi mbele za watu, na wazee wakamtoza Mkunde pombe ya kumfidia Kirita, inywewe na wote. Asipoileta, hapati maji tena msimu ule, na bila maji angekula nini?

Maskini, aliiandaa kwa taabu. Ndizi alizipika, zikachacha. Ulezi wa mwisho wa ghalani aliuloweka, ukachipua, akauanika na kuusaga. Hicho ndicho kimea. Kilichobaki ni kukipika na kukichanganya na ndizi.

Asubuhi hiyo mke wa Kirita akabisha hodi, macho mekundu.

"Mama, mtoto ana surua. Kinywa chote vidonda, uji mzito haupiti. Wanasema uji wa kimea huteleza kooni na bado unashibisha."

"Mumeo anajua umekuja?"

"Hajui. Nakuomba usimwambie."

Mkunde alitamani kukataa. Lile neno "mwizi" lilikuwa bado linamchoma. Lakini mtoto alikuwa na kosa gani?

"Chukua kimea chote, na mumeo simwambii," alisema. "Vidonda haviponi kwa siku moja. Na uji uupoze kwanza, usije ukamuunguza."

Kesho yake wazee walikaa mferejini. "Pombe iko wapi?"

Mkunde akainama, machozi yakimtoka. Alijua ulezi wake shambani ndio umekwisha, lakini alikuwa amemwahidi mke wa Kirita kutosema, na ahadi ni ahadi. Msimamizi wa mfereji akanyanyuka amfukuze.

"Ngojeni!" Ni Kirita, anakuja mbio. "Leo mwanangu ameomba aongezwe uji. Nimemuuliza mama yake umetoka wapi, akaniambia. Wazee, pombe yangu mtoto ameshainywa."

Akachukua jembe, akayageuza maji yaende shambani kwa Mkunde, na zamu ilikuwa yake yeye Kirita.

Mzee mmoja, mpenda kinywaji, akanung'unika, "Na makoo yetu je?"

Kirita hakuinua hata uso. "Mzee wangu," alisema, "aliyekunywa uji wako hakudai pombe."