Siku Kobe Aliposhinda Mbio za Tope

Paukwa!

— Pakawa!

Baiskeli ikapakwa!

— Ikapakwa nini?

Tope, mpaka kwenye kengele!

— Haya, tuambie nani aliipaka.

Basi tulieni niwaambie. Wanyama wa Bonde la Mfinyanzi walikuwa na chemchemi moja tu. Kila mwaka masika yakiisha, walishindana kwa baiskeli kwenye barabara ya changarawe, kutoka kichuguu kikubwa mpaka kwenye chemchemi. Aliyeshinda aliimiliki chemchemi kiangazi chote: yeye ndiye aliyeamua nani anywe kwanza na nani anywe baadaye. Na mshindi huyohuyo ndiye aliyechora njia ya mbio za mwaka uliofuata.

Mbogo alikuwa ameshinda miaka mitatu mfululizo. Miaka mitatu alikunywa wa kwanza. Miaka mitatu, akishakunywa, aliingia majini akagaagaa, pwata, pwata, pwata, mpaka maji yakawa mazito kama uji wa ulezi. Ndipo aliposema, "Haya, wadogo, kunyweni."

Digidigi alikunywa. Mwanawe alikunywa. Kiangazi kilichopita mtoto yule alitapika siku tano, akakonda akabaki masikio matupu. Digidigi alikaa naye kivulini akimlamba uso, akajua moyoni kwamba kiangazi kingine cha maji yale mtoto hatakivuka.

Mwaka huo mvua zilichelewa kukatika. Siku ya mbio wanyama walifika na baiskeli zao, wakakuta Mbogo amechora njia mpya. Njia ilifuata barabara ya changarawe mpaka kwenye mkuyu, kisha ikaiacha changarawe ikashuka bondeni, katikati ya tope.

"Bwana Mbogo," akasema Ngiri, "hizi si mbio za baiskeli. Hiki ni kilimo cha mpunga!"

"Tope halinijui mimi wala halikujui wewe," akajibu Mbogo. "Ni sawa kwa wote."

"Wewe unaibeba baiskeli begani kama kikapu," akasema Nungunungu. "Sisi je?"

"Asiyetaka arudi nyumbani."

Wakanung'unika. Wakatazamana. Mbogo hakuwaambia jambo moja: chini ya tope lile kulikuwa na tuta gumu lililovuka bonde lote, jembamba kama upana wa kwato zake. Yeye mwenyewe alikuwa amelipima.

Digidigi alimsogelea kwa adabu. "Shikamoo, Bwana Mbogo."

"Marahaba. Na wewe unashindana? Utazama mpaka pembe, na hizo pembe zenyewe sizioni."

"Nitajaribu tu, bwana. Naona una redio kubwa."

Mbogo akacheka kwa fahari. Kila mshindani alifunga redio ndogo kwenye usukani, ila ya Mbogo ilikuwa kubwa kama boga. Alipenda kujisikia. Mtangazaji wa mbio alikuwa Kasuku, na kila mwaka Kasuku alikaa juu ya mkuyu, kwa kuwa hakutaka manyoya yake yaguse tope. Huko juu alikula kuyu na kutangaza. Akimwona Mbogo anapita wa kwanza, alimtangaza mpaka mwisho wa mbio, amwone au asimwone.

Filimbi ikalia, priii! Wakaondoka.

Mbogo akanyonga baiskeli, akanyonga, kurukuchu-kurukuchu-kurukuchu, kokoto zikaruka pembeni. Nyuma yake Ngiri akanyonga, akanyonga. Nungunungu akanyonga, akanyonga. Digidigi akanyonga, akanyonga, ti-ti-ti-ti-ti. Na nyuma kabisa, Mzee Kobe, aliyekuwa akishiriki kila mwaka kwa sababu tu alipenda matembezi, akanyonga mara moja akapumzika, akanyonga mara moja akapumzika.

Mbogo akapita chini ya mkuyu. "Naaam! Wasikilizaji!" Kasuku akapaaza sauti. "Mbogo huyooo! Mbogo wa chuma! Mbogo hana mpinzani!" Mbogo akaongeza sauti ya redio, akashuka kwenye tope akifuata tuta lake.

Ngiri alipofika bondeni aliingia palipomjia kichwani. Chwaa! Akanasa. Nungunungu akaingia pengine. Chwaa! Tope likajaa kwenye mnyororo, tairi zikagoma kuzunguka, naye akakaa chini akalia.

Digidigi hakushuka. Alisimama chini ya mkuyu. Kasuku alikuwa anatafuna, amefumba macho kwa utamu.

"Kaka Kasuku, hujambo?"

"Sijambo. Mbona umesimama?"

"Nataka kujua tu nani anaongoza."

"Mbogo, nani mwingine?"

"Aa," akasema Digidigi. "Na Mzee Kobe, hukumwona?"

Kasuku akaacha kutafuna. "Kobe?"

"Nauliza tu. Labda mtu anaweza kupita hapa wakati wewe unakula, usimwone."

Manyoya ya shingo yakamsimama Kasuku. Yeye, mtangazaji wa bonde zima, apitwe na Kobe bila kumwona! "Nani kasema sikumwona?" akafoka. "Nimemwona vizuri sana! Nilikuwa nakaribia kumtangaza!" Akageukia kipaza sauti. "Naaam, wasikilizaji! Habari za hivi punde! Kobe anaongoza! Narudia, Kobe anaongoza!"

Digidigi akapanda baiskeli yake. Hakuwa amesema uongo. Alikuwa ameuliza tu. Hata hivyo hakujisikia kama mtu aliyeuliza tu.

Kule bondeni Mbogo alikuwa katikati ya tuta aliposikia. Akatazama mbele: hakuna mtu. Akatazama nyuma: hakuna mtu.

"Kobe yuko wapi?" akaiuliza redio.

Redio ikamjibu, maana Kasuku akishaanza haachi. "Kobe anapita kwenye matete upande wa kushoto! Maji yanaruka! Jamani, huyu ni Kobe au upepo?"

Mbogo akatazama matete. Upepo uliyatikisa. Akayaona yanatikisika, akaamini.

"Kobe! Nakuja!"

Akaacha tuta. Hatua ya kwanza, tope likafika magotini. Hatua ya pili, likafika tumboni. Hatua ya tatu haikuwepo. Chubwi! Baiskeli ikazama, redio ikabaki juu ikiimba sifa za Kobe.

Digidigi akafika akifuata alama za tairi la Mbogo, na kila alipokanyaga palikuwa pagumu. Akamwona Mbogo amezama mpaka mabegani, amezungukwa na mapovu.

"Digidigi! Umemwona Kobe?"

"Sijamwona, bwana."

"Basi nivute!"

Digidigi akaitazama miguu yake, myembamba kama vijiti vya kuchokolea meno. Akamtazama Mbogo. Kwa mara ya kwanza aliyaona macho ya Mbogo yakiwa sawa na yake, na ndani yake mlikuwa na woga. Akajisikia vibaya.

"Siwezi kukuvuta, Bwana Mbogo. Usipapatike, utazidi kuzama. Nikifika nitawaambia ndugu zako waje na kamba."

"Utawaambia kweli?"

"Nitawaambia."

Akapiga kengele, kring, akapita.

Alipofika chemchemi, mwamuzi, Bibi Korongo, alikuwa ameshika utepe na redio.

"Hongera," akasema Korongo. "Umekuwa wa pili."

"Wa pili? Wa kwanza yuko wapi?"

"Kobe. Redio imesema ameshakata utepe."

"Lakini utepe unao mkononi, Bibi. Mzima."

Korongo akautazama utepe. "Huu labda ni wa akiba. Na yeye nadhani amekwenda kunawa. Siwezi kubishana na redio, mwanangu, bonde zima limesikia."

Digidigi angesema nini? Kwamba Kobe hakuwa mbele? Wangemuuliza, nani alimtia Kasuku neno hilo? Mbio zingefutwa, na zikifutwa, chemchemi ingebaki kwa mwenyewe wa mwaka jana. Akameza maneno yake. Akawaambia ndugu za Mbogo wapeleke kamba, kisha akakaa kando akikwangua tope miguuni.

Jua lilikuwa linainama Mzee Kobe alipotokea, akikokota baiskeli, gamba lote limepakwa udongo. Alishangaa kuona umati.

"Bingwa! Bingwa!"

"Bingwa gani?" akauliza. "Mimi sijampita mtu hata mmoja. Ngiri mwenyewe nimemwacha bondeni amenasa, lakini kunasa si kupitwa."

"Mnasikia unyenyekevu huo?" akatangaza Kasuku, aliyekuwa ameshafika kwa kuruka. "Huyo ndiye bingwa wa kweli!"

Na Mbogo, aliyekwisha kuvutwa kwa kamba, akajipukusa tope na kusema mbele ya wote: "Nilimwona kwa macho yangu. Alinipita kama risasi." Maana ni afadhali upitwe na Kobe mwenye mbio kama risasi kuliko kuzama ukimkimbiza mtu asiyekuwepo. Baada ya hapo nani angebisha?

Umati ulipotawanyika, Kobe alimsogelea Digidigi.

"Mjukuu wangu, wewe hushangilii. Hebu niambie, na wewe uliniona?"

Digidigi akainamisha kichwa. "Babu, nilimuuliza Kasuku kama amekuona. Nilimuuliza tu."

Kobe akasema taratibu, kama kawaida yake: "Basi mbio ni zako. Nikaseme?"

"Ukisema, maji yatakuwa ya nani?"

Kobe akatazama chemchemi. Ilikuwa imetulia, na changarawe ya chini yake ilionekana moja moja.

"Ni vigumu kubeba jina lisilo lako," akasema.

"Ni vigumu pia kutokuwa na jina, babu. Lakini mwanangu ana kiu."

Kesho yake Kobe akatoa amri yake: kila mtu anywe akifika, na anayetaka kugaagaa akagaagae chini, maji yanakotiririkia. Mbogo akanuna, akaenda chini. Kiangazi kile hakuna mtoto aliyetapika.

Na watoto wote wa bonde wakawa na mchezo mmoja. Walikimbizana kwenye changarawe, na kila mmoja alitaka kuwa Kobe. Siku moja mwana wa Digidigi alikuja mbio, mashavu yamejaa, masikio yamesimama, akamvuta mama yake.

"Mama! Mama! Leo Kobe ni mimi! Wewe uwe wa pili!"

Digidigi akamtazama.

"Haya," akasema. "Tangulia, Kobe. Nakuja nyuma yako."

Ngano imefika, mdomo wangu naufunga, masikio yenu nawarudishia.

— Na funzo lake?

Funzo lake ni hili: anayefika wa kwanza ndiye hutangazwa wa kwanza, na mtangazaji hajawahi kukosea. Asiyeamini akamuulize Mbogo. Yeye alimwona kwa macho yake.