Vali Iliyonyamaza

Bwana Miche na mkewe walikuwa chanda na pete. Mume alishika usukani, mke akashika kila kitu kingine. Bustani yao ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya wavu mweusi wa kivuli, na kutoka hapo pikapu yao kuukuu iliwapelekea wakulima miche ya nyanya, kabichi na pilipili. Mke ndiye aliyekuwa utingo. Alipanga trei, alifunga kamba, na njiani aliinamisha kichwa akiisikiliza injini kama mama anavyosikiliza pumzi za mtoto aliyelala.

"Punguza mwendo, baba watoto, inataka kukohoa," alikuwa akisema, na kweli, mbele kidogo ilikohoa.

Siku moja pikapu iliishiwa nguvu. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri, lakini ilipoonja mwinuko ilitweta, taa ya manjano ikawaka, na turbo, ile feni ndogo inayoisukumia injini hewa, ikanywea. Walifika kwa mteja jua la utosi, miche imelala kwenye trei kama iliyofiwa.

"Ni vali inayoiongoza turbo," mume alisema waliporudi nyumbani. "Imekufa. Nitanunua nyingine."

"Haijafa, imeziba. Tuifungue tuisafishe kwanza."

Uchovu na njaa vilikuwa vimempanda mume kichwani. "Mama watoto, usinichoshe! Kila kitu hubadilishwa. Vali hubadilishwa, hata utingo hubadilishwa!"

Heri angejikwaa dole kuliko ulimi. Mke aligeuka akaenda bustanini. Alimaliza kumwagilia miche, akakunja nguo zake, akaenda kwa dada yake aliyeishi kwenye mteremko wa mlima.

Bwana Miche akajitia hamnazo. Alinunua vali mpya inayong'aa, ambayo muuzaji aliapa kwamba inaingia gari lolote. Kuingia iliingia, kufanya kazi ndiko kulikoishinda. Pikapu ilifyatuka kama swala, kisha ghafla ikakata pumzi, mithili ya mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Kuhusu utingo, alimchukua binamu yake, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na swichi ya kumzima. Redio alizungumza tangu lango la bustani hadi lango la mteja, na katika mvua hiyo ya maneno injini ingeweza kulia kwa sauti bila mtu kuisikia. Trei alizipanga nzito juu, nyepesi chini. Miche mingi ya kabichi ilifika ikiwa kachumbari.

Nyumbani nako hakukukalika. Jioni Bwana Miche alimimina chai katika vikombe viwili kwa mazoea, akanywa kimoja, kingine akakitazama kikipoa.

Kisha mawingu yakaanza kukusanyika. Mkulima mmoja wa ng'ambo ya mlima akapiga simu. "Shamba liko tayari, kaka. Mvua ikinikuta bila miche, msimu ndio huo umenipita!"

Bwana Miche alimwambia Redio apumzike, akapakia miche mwenyewe, akaondoka peke yake. Mlimani pikapu ilitambaa hata msukuma toroli akampita, akampungia mkono. "Pole na safari, mzee!"

Kando ya barabara hiyo, mkewe alikuwa uani kwa dada yake, akianika nguo. Alisimama, shati mkononi. "Hilo gari letu," alisema, "lakini hiyo si sauti yake."

Pikapu iliposimama langoni, alikuwa amekwisha kufika hapo.

"Umelitia nini gari, baba watoto?"

"Vali mpya."

"Na ile ya zamani?"

"Iko chini ya kiti."

"Hukuitupa?"

"Ningeitupaje kabla hujaiona?"

Mke alitazama pembeni ili tabasamu lisimsaliti. Akafungua boneti. Alikagua kwanza mipira myembamba ya hewa, akiikunja mmoja mmoja kutafuta nyufa. Yote ilikuwa mizima. Kisha akaitwaa vali ya zamani, akaiweka sikioni, huku mume akiigusisha nyaya mbili kutoka kwenye betri. Vali nzima hulia *ta!* umeme unapoigusa. Hii ilikuwa kimya kama kaburi.

Wakaitenga na betri, wakapuliza dawa ya kusafishia kabureta katika matundu yake. Yakatiririka masizi yaliyoshikana na mafuta, meusi kama lami. Wakaitikisa, wakapuliza tena, hadi dawa ikatoka safi.

"Sasa iachwe ikauke kabisa," mke alisema. "Dawa hii na cheche si marafiki."

Basi wakakaa kwenye kizingiti, wakingoja. Bwana Miche alifuta mikono iliyokwisha kufutika.

"Mama watoto, lile neno nililosema... Nilikosa. Nisamehe. Wewe si utingo."

"Mimi ni nani, basi?"

Alitafuta neno zuri, akalikosa. "Wewe ndiye... wewe ndiye injini yenyewe."

"Dada, njoo usikie! Nimepandishwa cheo, sasa ni injini!"

Dada akacheka hadi akashika ukuta. Mke naye akacheka, kisha akaweka mkono wake juu ya ule wa mumewe uliobakia na weusi wa masizi. "Liliniuma," alisema taratibu. "Lakini nimesikia."

Vali ilipokauka waligusisha nyaya tena. *Ta!* Ikalia, ndogo na safi. Wakaing'oa ile mpya, wakaifunga ya zamani mahali pake, na mke akaenda kuchukua nguo zake bila kuombwa.

Pikapu iliupanda mlima ikiimba, na miche ikafika imesimama wima, matone ya kwanza ya mvua yakianguka shambani. Redio alipewa kazi ya kumwagilia bustani. Huko alizungumza na kabichi atakavyo, nazo hazikulalamika. Ama ile vali mpya, kwa mng'aro wake wote, ilibaki ikizuia mlango wa stoo usibamizwe na upepo. Hakika, jino la pembe si dawa ya pengo.