Maji Yaliyoishiwa Pumzi

Enzi za Mwingereza, bwawa la Kwihara lilikuwa fahari ya kijiji kizima. Kijito kililijaza, perege wakanenepa humo, na hapakuwa na mgeni aliyeondoka bila kuonjeshwa. Basi asubuhi moja watu walipokuta samaki wameelea matumbo juu, walishika vichwa. Kijiji kilihitaji wa kutupiwa lawama, wala hakikumtafuta mbali.

Kando ya shamba la Justus uliota utupa, na kila mvuvi anajua kwamba utupa ukitwangwa na kutiwa majini huua samaki. Mwanangwa Bundala, mkuu wa kijiji, hakutaka ushahidi zaidi.

"Jua likitua uwe umehama na watu wako," alimwambia Justus. "Hatukai na mtia sumu."

Justus aliapa hadi sauti ikamkauka. Nani amsikilize? Tekla, mkewe, alianza kufunga vyungu huku machozi yakimbubujika.

Adhuhuri alifika kwa baiskeli Nikolaus, bwana samaki wa Tabora, aliyeitwa na mwanangwa ili aithibitishe hiyo sumu kwa serikali.

"Shikamoo, mwanangwa."

"Marahaba, baba. Tazama unyama tuliotendewa!"

Nikolaus alijaza chupa maji ya kijito, akatia matone ya dawa. Maji yakageuka kahawia. Akajaza nyingine maji ya bwawani, akatia dawa ileile. Yakawa meupe kama uji.

"Sumu hiyo!" Bundala alifoka.

"Hapana, mzee wangu. Dawa hii hupima hewa. Maji yenye hewa huwa kahawia, yasiyo nayo huwa meupe. Samaki naye anapumua. Huichota hewa majini kwa matamvua, ikaingia katika damu yake."

Hewa ndani ya maji! Watu walitazamana vinywa wazi. Walikuwa wameyanywa maji hayo maisha yao yote, wasijue kwamba yana pumzi.

Nikolaus akachota ndoo ya maji yaleyale ya bwawani, akawa anayamimina kutoka ndoo hii kwenda ile mpaka yakatoa povu. Kisha akatumbukiza ndooni perege aliyekuwa akitweta pale kijito kinapoingia bwawani. Samaki alilala ubavu. Mkia ukatikisika. Akainuka, akaogelea! Kina mama walipiga vigelegele, na wazee wakavua kofia kana kwamba wako kanisani.

"Kungekuwa na utupa, angefufuka?" Nikolaus aliuliza.

"Basi nani ameimaliza hewa?" Justus akauliza kwa sauti iliyokwaruza.

Nikolaus alizunguka ukingo akinusa, akasimama palipolowekwa magunia ya mihogo ili ichachuke iwe udaga wa kusagia unga. "Mihogo ikivunda majini hula hewa. Michache haidhuru, lakini hii ni shehena. Ya nani?"

Kila nyumba ilikuwa na gunia lake pale, ila rundo kubwa lilijulikana. Macho yote yakamgeukia mwanangwa.

"Yangu," Bundala alisema.

Aliingia majini na kanzu yake, akaburuta gunia la kwanza hadi nchi kavu. Kisha, angali akichuruzika maji, alikwenda kwa Tekla na kuvifungua vile vyungu kwa mikono yake.

"Nisamehe, mama. Nimemsaka mwuaji shambani kwa mumeo, kumbe nilimloweka mwenyewe."

Tekla alilia upya, safari hii kwa furaha. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.